Chatne ya biringanya kwa shughuli ya arobaini: vipi isitoe maji wala isichache?

Swali la msomaji

"Shikamoo mama. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mwezi huu tuna arobaini ya mtoto wangu wa kwanza, wageni watakuwa kama arobaini hivi, wengi ni watu wa nyumbani. Bajia, katlesi na mihogo vina wenyewe wa kupika. Mimi nimeachiwa chatne ya kuchovya, nami nataka iwe ya mboga, si pilipili ya chupa. Idi iliyopita nilitengeneza ya nyanya, tango na tui la nazi. Asubuhi kila aliyeonja aliisifu. Kufika saa nane mchana maji yamesimama juu na harufu ya uchachu imeshaanza, nikaiondoa mezani kimyakimya. Mama mkwe ana presha, na watoto wadogo watakuwepo wengi. Blenda sina, friji yetu ni ndogo. Nifanye nini kilicho rahisi na kitakachofika jioni salama?"

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera sana ya mtoto. Mungu amkuze, na wewe akurudishie nguvu zako.

Nianzie kwenye chatne yako ya Idi, maana jibu lako limo humohumo. Viungo vyako vilikuwa vizuri vyote. Kilichokuangusha ni maji. Gramu 100 za tango, 95 hivi ni maji. Nyanya nayo ni karibu hapohapo. Biringanya, ukilikata unaona nyama yake kama sponji kavu, lakini lina maji kama 92 katika kila 100. Maji hayo yamefichwa ndani ya mboga, kwa hiyo ukionja alfajiri huyaoni. Ukishakatakata na kutia chumvi, chumvi inayavuta nje polepole, wewe ukiwa unaoga, unavaa, unapokea wageni. Ukifunua bakuli saa nane, mboga zimezama na maji yanaelea.

Na tui je? Tui lina mafuta, lina sukari kidogo, lina protini, na uchachu wake ni mdogo mno, kwa hiyo halina cha kuwazuia vijidudu. Kwa joto la Tanga, ambalo Februari na Machi hupita nyuzi 30 mchana, tui bichi lililokaa mezani toka asubuhi haliwezi kubaki salama. Wewe ulichanganya tui na maji ya tango: vijidudu ukavipa chakula na kinywaji kwenye bakuli moja.

Jambo hili limenipata na mimi. Nilipokuwa naanza kupikia watu kwenye shughuli, nilipewa kazi ya harusi moja Pangani. Nikakata nyanya na matango ndoo nzima tangu alfajiri, nikatia chumvi kabisa nikidhani itakolea vizuri. Baada ya Adhuhuri nilifunua ndoo, nikakuta supu. Tuliimwaga, wageni wakala sambusa kwa ndimu tupu, na mama wa bibi harusi hakunisema hata neno moja, jambo lililoniuma kuliko kusemwa. Tangu siku hiyo naanza kwa kuondoa maji. Kuunga kunafuata.

Kwa shughuli yako nakushauri chatne ya biringanya la kuchoma, karanga na mtindi uliochujwa. Moto unalitoa biringanya sehemu ya maji yake na kulipa ladha ya moshi. Karanga zinanyonya maji yanayobaki na kuifanya chatne ishike kwenye bajia. Mtindi na ndimu vina uchachu unaovipunguza kasi vijidudu, ingawa havivizuii kabisa, na hilo nitalirudia. Watu wa Lebanoni, Siria na Palestina wana chakula chao cha ndugu moja na hiki, wanachanganya biringanya la kuchoma na ufuta uliosagwa. Sisi karanga tunazo karibu zaidi, na ladha yake inapatana na mihogo.

Kwa watu arobaini, hesabu vijiko vitatu vya mezani kwa kila mtu, yaani kama gramu 50. Utahitaji chatne kilo 2. Nunua biringanya kilo 2 na nusu, karanga robo kilo, mtindi lita 1, ndimu tano au sita zenye maji mengi, kitunguu saumu punje sita, binzari nyembamba kijiko kidogo kimoja na nusu, mafuta ya alizeti kama nusu kikombe cha chai, na fungu moja la kotmiri. Chumvi nitaisemea peke yake.

Ukienda Mgandini kununua biringanya, usichague kwa ukubwa. Lishike mkononi. Lililo zuri ngozi yake inang'aa, ukilibonyeza kwa dole gumba linarudi mahali pake. Lililonyauka, au lenye mabaka ya kahawia kwenye ngozi, mara nyingi ndani lina mbegu nyeusi nyingi, na mbegu hizo ndizo zinazoleta uchungu. Ya kati ni bora, manane mpaka kumi yatafika kilo hizo. Makubwa sana yanaungua nje kabla hayajaiva ndani.

Karanga nazo zichague wewe mwenyewe, punje kwa punje ikibidi. Tupa yoyote iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyo chungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga, kwa hiyo usiseme moto utasafisha. Na hapa kuna watoto na mama anayenyonyesha, yaani wewe.

Sasa kuchoma. Washa mkaa, usubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu yenye majivu juu. Toboa kila biringanya kwa uma mara tano au sita, maana likibaki zima mvuke ndani hukosa pa kutokea na linaweza kupasuka. Lipange juu ya wavu, geuza kila baada ya dakika chache. Usiogope ngozi kuwa nyeusi kabisa. Wapishi wengi wachanga huliondoa mapema kwa kuogopa kuunguza, kisha wanashangaa chatne ni ngumu na chungu. Liache mpaka lilegee lote, hata kwenye shingo karibu na kikonyo, ukilishika kwa koleo linainama lenyewe. Kwa biringanya la kati ni dakika 20 hadi 30.

Yatie yote kwenye sufuria, funika dakika 15. Mvuke utalegeza ngozi. Halafu menya kwa mkono. Hapa nakusihi: usiyaoshe kwa maji. Najua mabaki meusi ya ngozi yanakera, na mkono unataka kukimbilia bomba. Ukiosha, moshi wote unaondoka na maji yanarudi. Ngozi kidogo iliyobaki haina neno, na vidole ukivichovya kwenye bakuli la maji pembeni vinatosha.

Mapande uliyomenya yaweke kwenye kung'uto au chujio, chini weka bakuli. Yapasue kwa mkono kwa urefu ili yafunguke. Acha yachuje nusu saa mpaka saa nzima. Utaona maji ya kahawia yanadondoka, na ukiyaonja ni machungu. Mara ya kwanza utashangaa wingi wake. Kilo 2 na nusu ulizonunua zitabaki kilo 1 na robo au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo nyama ya biringanya yenyewe. Kama ungeamua kurahisisha hatua moja katika kazi hii, basi isiwe hii.

Mtindi uchuje vilevile. Tandika kitambaa safi cha melimeli, kilichochemshwa na kukauka, ndani ya chujio, mimina mtindi, kunja kitambaa juu yake na uweke kwenye friji usiku kucha. Lita moja itakupa kama gramu 400 za mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Maji yaliyochuja usiyamwage, kandia maandazi. Kama mtindi unaouziwa ni wa sukari au wa kopo lenye vionjo, uache, tafuta ule mtupu.

Karanga zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zinukie na ngozi itoke kwa kusugua. Zipepete, kisha zitwange kwenye kinu. Huna blenda, na mimi nasema ni heri. Blenda inasaga biringanya mpaka linakuwa kama uji wa mtoto, linakosa uzi wa kushika. Kinu na mchi vinaacha mikwaruzo midogomidogo, na hiyo ndiyo inayoshika kwenye kipande cha muhogo. Twanga karanga mpaka zianze kutoa mafuta na kugandana.

Ukichanganya karanga na maji ya ndimu, zitakakamaa ghafla, zitakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Usishtuke, wala usidhani umeharibu. Ongeza maji ya moto yaliyochemka kijiko kimoja kimoja, ukikoroga, na baada ya vijiko vitatu au vinne karanga zitalainika na kuwa nyeupe zaidi. Huo ndio mwili wa chatne yako.

Kitunguu saumu kiponde kwanza kwenye maji ya ndimu, ukiache dakika kumi kabla ya kukitia. Uchachu unaupunguza ukali wake. Ukikiponda peke yake na kukitia kibichi, ladha yake huzidi kadiri saa zinavyokwenda, na jioni wageni wataonja kitunguu saumu tu. Na kwa kuwa tumekitaja: usije ukakihifadhi kibichi ndani ya mafuta kwa siku kadhaa nje ya friji. Kipo kijidudu kinachoitwa botulinamu ambacho hukua mahali pasipo na hewa, na sumu yake ni hatari sana.

Changanya sasa: biringanya lililopondwa kwa mchi, karanga, mtindi, kitunguu saumu na ndimu yake, binzari uliyoikaanga na kuisaga, na mafuta ya alizeti kidogokidogo. Mafuta ya nazi ni matamu, lakini chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na ukitoa chatne kwenye friji utakuta madonge meupe. Ukishakoroga, pitisha kijiko katikati ya bakuli. Mfereji ukibaki wazi, chatne yako imeshika. Ukijifunika haraka, ongeza karanga. Kamwe usiongeze unga, nimeona watu wakitia unga wa ngano mbichi kuokoa chatne, na hilo huacha ladha ya gundi mdomoni, tena unga mbichi si salama kuliwa.

Chumvi itie mwishoni, vijiko vidogo vitatu vilivyosawazishwa, kwa kilo zote 2. Hiyo ni gramu 18 hivi, ukigawa kwa watu arobaini kila mmoja anapata chini ya nusu gramu. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wasizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na bajia zina yake tayari. Bakuli la mama mkwe lichote kabla hujatia chumvi kabisa, uongeze ndimu na binzari kidogo zaidi. Binzari iliyokaangwa hufanya ulimi usiitafute chumvi. Mwekee bila kutangaza mbele za watu; mtu mzima hapendi chakula chake kiitwe cha mgonjwa.

Kwa watoto tengeneza bakuli moja la karoti. Ni jepesi: karoti za Lushoto kilo 1, zichemshe nzima na maganda yake, maana ukizikata kabla zitajaa maji. Zikiiva mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika mbili zikauke, menya, ponda na tangawizi kidogo, ndimu, mafuta na vijiko vinne vya mtindi ule mzito. Hakuna pilipili wala karanga humo. Wapo watu wenye mzio wa karanga, hata chembe inawadhuru, kwa hiyo waambie wageni wazi chatne ipi ina karanga na kila bakuli liwe na kijiko chake. Mkiwa na ndugu mnayemjua ana mzio huo, acha karanga kabisa siku hiyo, tumia mbegu za maboga zilizokaangwa.

Kama moyo wako bado uko kwenye nazi, na najua mtu wa Tanga hakosi kuitamani, tumia nazi iliyokunwa badala ya tui. Ikaange kidogo ikauke, itwange na embe bichi au ukwaju mzito, tengeneza kidogo dakika za mwisho, iliwe ikaishe hapohapo.

Vya kuchovya navyo vina mambo yake. Tango lipasue, kwangua mbegu zote kwa kijiko, kisha likate vipande virefu, karibu na muda wa kula. Hoho zikate mapema, hazina shida. Karoti mbichi zikate nyembamba, ila watoto wa chini ya miaka minne wape zilizochemshwa, mbichi zinaweza kuwakaba. Mihogo ipikwe. Najua barabarani watu wanatafuna mibichi kwa chumvi na pilipili, lakini muhogo mbichi unaweza kuwa na sumu ya sianidi, zaidi ule mchungu, na kwenye shughuli huwezi kumjua kila mkulima uliyenunua kwake. Mkate wa ajemi uliokatwa vipande na kupashwa moto kidogo unaikubali chatne hii kuliko vyote, kwa maoni yangu hata kuliko bajia.

Na wewe, mwenye mtoto wa siku arobaini, usifanye haya yote siku moja. Mawifi na dada zako wapo kwa kazi hii. Jana yake mchana wachome na kuchuja biringanya, wakaange karanga, wauweke mtindi uchuje. Biringanya likishachuja litie kwenye chombo chenye kifuniko, uliweke kwenye friji. Hilo na mtindi havichukui nafasi kubwa. Asubuhi ya shughuli ndiyo wanatwanga na kuchanganya, kazi ya saa moja. Chumvi na kotmiri vinaingia pale wageni wanapoanza kukaa. Umeme ukikatika, na huwa unachagua siku kama hizi, nunua barafu mapema, ijaze kwenye beseni na utumbukize vyombo ndani yake, vifuniko vikiwa vimefungwa sawasawa.

Mezani usitoe kilo zote 2. Gawa kwenye vibakuli vidogo, viwili au vitatu kwa wakati mmoja, vingine vikae kwenye baridi. Watu wa usalama wa chakula wanasema chakula cha namna hii kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hiyo weka kibakuli juu ya sinia lenye barafu, funika kwa kawa nzi wasitue, na kikiisha leta kingine kipya. Usimimine mpya juu ya iliyobaki, hapo unaiambukiza yote. Katika kila kibakuli weka kijiko, mtu achote kwenye sahani yake na achovye huko. Watoto wakishaanza kuchovya kipande walichokwisha kukiuma, na wataanza, chatne ya bakuli lile haina maisha marefu.

Maji ya kuoshea mboga mbichi yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na atakayekata asiwe na harisho wala kidonda mkononi. Nalisema wazi kwa sababu masika yakifika maji yetu huchafuka, na kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba.

Ya kwenye meza ikibaki, mwaga. Ile ambayo haikutoka kwenye friji iliwe ndani ya siku tatu. Kesho yake asubuhi kwa chapati ni nzuri, na kijiko kimoja kikubwa ukikitia kwenye mchuzi wa samaki karibu na kuepua, mchuzi unakuwa mzito bila kuhitaji tui.